Faini Aliyolipiwa Verlene

Verlene Stuckman alikuwa mtu wa usukani. Ukimtoa hapo hukujua umweke wapi. Mnene wa mabega, mfupi wa maneno, na miaka aliyofunga nyaya kwenye kiwanda cha nyumba za magurudumu ilikuwa imemwachia bega la kulia linalouma kila akiinua mkono. Kiwanda kilipopunguza watu, alinunua vani nyeupe ya viti kumi na vitano akaanza kuwabeba Waamishi, wale Wakristo wa kofia na vigari vya farasi. Huku kwetu kaskazini mwa Indiana hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Dini ya Waamishi haiwaruhusu kumiliki gari wala kuliendesha, lakini kupanda la mwenzio si dhambi, na hakuna mtu mwenye akili atakayekwenda na farasi kwenye harusi ya mpwa wake kule Illinois. Basi wanamtafuta Mwingereza. Ndivyo wanavyotuita sisi wengine wote, Waingereza, hata kama babu yako alitoka Ujerumani kwenye meli moja na babu yao.

Mumewe, Rex, alianguka jikoni mwezi wa pili, theluji imefika dirishani. Siku hiyo Verlene yuko Illinois na watu wa harusi. Jirani akampigia simu. Akawaacha abiria wake mikononi mwa dereva mwingine, akarudi peke yake anakanyaga mafuta bila kuangalia mshale, na trafiki wa Illinois akamsimamisha. Hakumweleza kitu. Alipokea karatasi ya faini, akaendelea na safari, akafika kwake Rex ameshafunikwa shuka.

Hakulia. Mazishini hakulia. Watu wakasema huyu mwanamke ana roho ya jiwe, na mimi niliwasikia. Hawakujua wanalosema. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaubonyeza na wenyewe hauna habari. Kaburini hakurudi tena. Wiki iliyofuata alikuwa barabarani, na tangu hapo hakukubali kukaa nyumbani siku mbili mfululizo. Jikoni aliingia kuchemsha kahawa na kutoka. Vani ndiyo ilikuwa nyumba, na leseni ndiyo ilikuwa ufunguo wa nyumba hiyo.

Ile faini ya Illinois aliilipa kwa posta bila kuisoma, kama wengi tunavyofanya. Alidhani ya Illinois yamebaki Illinois. Mwezi wa nne akapita alama ya kusimama kwenye njia panda karibu na kwake, mchana kweupe, hakuiona kabisa, akaandikiwa tena. Alipokwenda ofisi ya leseni, dada wa dirishani akamgeuzia skrini. Illinois ilikuwa pale, imekaa juu ya kosa la njia panda. Dada yule akamweleza taratibu kwamba majimbo yanaambiana. Kosa la huko, ukishalikubali, linakufuata nyumbani na kuhesabiwa kama umelifanya hapa hapa nje ya mlango wao. Pointi zake, zile alama mbaya zinazoandikwa kwenye leseni kwa kila kosa, zilikuwa zimejaa pomoni. Likiongezeka moja kabla haya ya zamani hayajafutika, leseni inafungiwa.

Verlene akasema sawa. Akaendesha mwaka na zaidi kama mtu aliyebeba mayai.

Kisha akafa Ura, kaka yake Orla Bontrager, kule Ohio.

Orla alikuwa fundi wa hatamu na matandiko ya farasi, mzee mwenye ndevu hadi kifuani na mdomo usiotulia. Ndiye abiria wake wa siku nyingi, na kiti cha mbele kilikuwa chake. Wao wawili walitaniana tangu vani ikiwa mpya. Orla angesema, "Verlene, hili gari lako linakunywa kuliko farasi wangu, tena halitoi hata mbolea." Na Verlene angejibu bila kugeuza shingo, "Na wewe unaongea kuliko redio, tena huna kitufe cha kuzimia." Baada ya Rex kufa, Orla ndiye peke yake aliyeendelea kumtania. Wengine waliogopa.

Waliondoka alfajiri, vani imejaa ndugu, vyombo vya tambi na maandazi ya tufaha vimewekwa miguuni. Ukungu ukawachelewesha. Halafu watoto wakataka choo, na wakubwa nao wakakumbuka kwamba wanataka. Ibada ya mazishi ilikuwa saa tatu. Orla hakutania asubuhi ile. Alikuwa ameshika kofia yake magotini, anaizungusha, anaizungusha.

"Verlene," alisema, "unaweza kukaza mwendo kidogo?"

Akakaza kidogo. Baada ya muda mzee akamwambia tena. Verlene akamtazama mara moja tu, akaona ile kofia inavyozunguka, na nafikiri aliona barabara ya kutoka Illinois. Akakanyaga. Wakaingia kijiji kimoja cha Ohio, Harlan Station, ambapo mwendo unashuka ghafla mara tu unapopita ghala la nafaka. Askari alikuwa nyuma ya ghala hilo.

Walifika kaburini udongo haujarudishwa, hilo nashukuru. Verlene aliichomeka ile karatasi ya faini na bahasha yake ya kulipia kwenye kikinga jua juu ya kichwa chake, akakaa ndani ya vani mpaka watu wamalize. Orla aliporudi aliitazama ile bahasha. Njia nzima ya kurudi macho yake yalikuwa hapo.

Safari hii Verlene hakukurupuka. Alipiga simu Harlan Station, akapata wakili wa hapo kijijini, Pruitt, mtu wa sauti ya usingizi lakini kichwani zimo. Pruitt alimsikiliza akamwambia asilipe hata senti. Kulipa ndiko kukiri. Akishalipa, korti inaandika hatia, Ohio inaiarifu Indiana, na Indiana inafunga leseni. Aje mwenyewe siku ya kesi. Baadaye akampigia kwamba ameshazungumza na mwendesha mashtaka, na kosa la mwendo litashushwa liwe la kuendesha gari lenye kasoro, lisilo na pointi.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika, na mimi namlaumu Verlene. Wiki mbili hivi kabla ya kesi, Lovina mke wa Orla alimwomba awapeleke kwa daktari wa meno siku ile ile, Alhamisi. Verlene akajibu, "Alhamisi hiyo siwezi. Nina hakimu Ohio." Basi. Hakuongeza neno. Hakusema anakwenda kufanya nini, wala kwamba anakwenda kwa hiari yake, wala kwamba wakili keshapanga. Mtu aliyekufa ganzi anadhani kila anachokijua kichwani watu wanakijua. Orla alikuwa amesimama mlangoni akasikia.

Kwa Waamishi, kusimama mbele ya hakimu kubishania jambo lako ni aibu. Ukidaiwa na serikali unalipa, unarudi shambani. Mzee akaona mwanamke mjane anakwenda kusimamishwa kizimbani kwa sababu ya maziko ya kaka yake, na kwa sababu yeye Orla alimhimiza. Hakulala vizuri, Lovina alisema baadaye.

Alhamisi Verlene akavaa koti lake la kanisani, akaenda Ohio peke yake. Karatasi hakuiona kwenye kikinga jua, lakini Pruitt alikuwa na namba ya kesi, kwa hiyo hakuhangaika. Korti yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya kituo cha zimamoto. Karani, mama wa miwani ya kamba, akabonyeza kompyuta yake akatabasamu.

"Hii imeisha, Bi Stuckman. Ililipwa kwa hawala ya posta wiki iliyopita, ndani ya bahasha yetu wenyewe. Tumeshaipeleka jimboni."

"Sikulipa," Verlene alisema.

Karani akasema imelipwa yote, tena kwa wakati, kama vile anampa habari njema. Pruitt akamvuta Verlene pembeni. Alikuwa amezinduka kabisa sasa. Njia ilibaki moja, alisema, nayo nyembamba. Aliyelipa aje mwenyewe amwambie hakimu kwamba hakutumwa, na kwamba mwenye kosa hakujua. Hapo hakimu anaweza kuifuta ile hatia na kuifungua kesi upya. Anamjua aliyelipa?

Verlene alimjua kabla swali halijaisha. Hakukasirika. Alitaka kukasirika, alijisikiliza kama mtu anayesikiliza injini, hakusikia chochote.

Kesho yake alimkuta Orla karakanani, harufu ya ngozi na mafuta imejaa, anashona hatamu. Mzee akaanza na utani wake, akauliza kama vani imekufa hata kaja kutafuta farasi. Verlene hakuingia kwenye utani. Alibaki mlangoni na mikono mfukoni.

"Orla, ulichukua karatasi kwenye gari langu?"

Sindano ikasimama. Mzee akakiri mara moja. Watu hawa hawajui kuzungusha. Alisema wanaume wa kanisa walichanga, hawakutaka ajue, ndiyo maana bahasha haikuwa na jina. Hawakutaka ashukuru. Walitaka tu asisimame mbele ya hakimu kwa ajili yao.

Verlene akamweleza. Alimweleza yote kwa sauti ile ile moja, kama mtu anayesoma maandishi ya dawa: Illinois, njia panda, pointi, wakili, gari lenye kasoro. Kwamba kulipa kumekuwa kukubali, na kukubali kule kumekuwa kukubali huku. Kwamba leseni inakwenda. Orla akazidi kuinama kadiri alivyosikiliza, mpaka ndevu zikalala juu ya ngozi aliyokuwa akiishona.

"Na kama leseni ikienda?" aliuliza.

"Nitakaa nyumbani."

Alisema hivyo tu, nyumbani, na mzee alielewa. Alikuwepo siku Rex alipozikwa. Alipaona pale jikoni.

Kisha Verlene akamwomba. Aje Ohio, amwambie hakimu kwamba alilipa kwa hiari yake. Nadhani hajawahi kumwomba mtu jambo kubwa kama hilo, kabla wala baadaye. Orla akaishika sindano tena. Alisema itabidi aongee na wachungaji wake, na Verlene akasema sawa, akaondoka. Kwenye vani alikaa kwa muda bila kuwasha gari, akagundua kwamba anatumaini. Jambo hilo lilimuudhi kidogo. Lilikuwa jambo la kwanza kumuudhi tangu mwezi wa pili wa ule mwaka.

Wachungaji walibishana, tulisikia. Mwisho wakasema Orla aende, lakini asiape na asimshitaki mtu, na alichoulizwa akijibu kwa ukweli. Kumwambia Orla Bontrager ajibu kwa ukweli ni kumwambia bata aogelee.

Walikwenda pamoja, Orla amevaa nguo zake nyeusi za Jumapili, kofia magotini. Alizungusha kofia tena, lakini safari hii hakumhimiza mtu. Njia nzima Verlene aliendesha chini ya mwendo unaoruhusiwa hata malori yakampigia honi.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, boksi la karatasi laini mezani. Alipomwambia Orla aape, Orla akasema watu wake hawaapi, na hakimu, ambaye Waamishi si wageni kwake, akamruhusu aahidi tu kusema kweli. Pruitt akauliza maswali yake machache. Nani alikutuma ulipe? Hakuna. Bi Stuckman alijua? Hakujua. Ulipata wapi karatasi? Niliichukua kwenye gari lake bila kumwomba, nalo ni kosa langu. Verlene aliona bega la Pruitt linalegea. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshaanza kukusanya makaratasi yake, na hakimu ameshashika kalamu.

"Hebu niambie, Bwana Bontrager," hakimu akasema huku akipangusa pua, "kwa nini mtu alipe faini isiyo yake?"

Nina hakika aliuliza kwa wema. Alitaka kujua tu.

"Kwa sababu kosa lilikuwa langu," Orla alisema. "Alikuwa anaendesha vizuri. Mimi ndiye niliyemwambia akaze, mara mbili, na mara ya pili akakaza sana. Niliutazama mshale. Ulikuwa umepita pale askari aliposema. Askari alimwonea huruma akaandika pungufu."

Pruitt alifumba macho. Mwendesha mashtaka akaweka makaratasi yake mezani tena, polepole, kama mtu aliyeona aibu. Akasema baada ya maneno hayo hawezi tena kusimama pale na kuiambia korti kwamba tatizo lilikuwa gari bovu. Hakimu akaiweka kalamu chini, akamtazama Verlene. Akasema anasikitika, na nadhani kweli alisikitika. Akifungua kesi hii ataifungua amfanyie nini? Shahidi wa upande wa Verlene mwenyewe ameshalithibitisha kosa. Faini imelipwa, hatia inabaki.

Walikuwa wameshapita ghala la nafaka ndipo Orla alipozungumza.

"Nimeharibu?"

"Umesema kweli," Verlene alisema.

"Sikuuliza hilo."

"Najua."

Mimi ningempa vidonge vyake mzee yule, nakwambia bila kuficha. Ningesimamisha gari nimshushe na kofia yake. Verlene alimfikisha mpaka mlangoni kwake, akangoja Lovina afungue, akageuza gari. Alikuwa hana la kuhisi. Lile tumaini dogo lililomuudhi lilikuwa limetoka, na mahali pake hapakuingia kitu.

Indiana ikamfungia leseni kabla majani hayajamaliza kuanguka. Vani ikakaa uani. Watu wakapata dereva mwingine, maana harusi hazingoji, na Verlene mwenyewe ndiye aliyewapa namba yake ya simu. Siku za kwanza alikaa ndani ya vani uani, koti mwilini, kikombe cha kahawa kwenye dashibodi. Baridi ilipozidi akaingia ndani. Akakaa jikoni, kwa sababu ndiko kuliko na jiko la moto. Alikaa kwenye kiti kilichotazama dirisha ili asitazame sakafu.

Asubuhi moja akasikia kwato. Kigari cha farasi cha Orla kilikuwa kimesimama nyuma ya vani, na mzee ameshika hatamu, hashuki.

"Panda," alisema.

"Twende wapi?"

"Sijui. Miaka yote umenipeleka ninakotaka, na sijakuuliza hata siku moja wewe unataka kwenda wapi."

Verlene alisimama barazani na kandambili zake. Alitaka kusema hana pa kwenda. Alifungua mdomo aseme hivyo.

"Kwa Rex," alisema.

Akaenda kuvaa viatu. Alipopanda, mzee akamfunika blanketi magotini, akamwambia farasi huyu angalau hataandikiwa faini. Mikono ya Verlene haikuwa na cha kushika, akaiweka juu ya blanketi na kuitazama.

Njia ile aliipita mara nyingi mno asizoweza kuzikumbuka, na hakuwahi kuipita hivi, polepole, upepo usoni, kila nguzo ya ua ikija na kukaa na kuondoka. Kwenye njia panda farasi akasimama mwenyewe. Alama ilikuwa pale, nyekundu, kubwa kama sinia, na Verlene akaitazama akashangaa kwamba mtu anaweza kuwa na macho mawili asiione. Akageuza shingo kuifuata walipoipita. Walipofika makaburini, kabla Orla hajafunga breki, Verlene alikuwa analia, kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyepigwa, analilia sakafu ya jikoni, na shuka, na barabara yote ya kutoka Illinois.

Orla akashuka akamshika farasi kichwani. Upepo ulikuwa na baridi kali, na mzee alikuwa na kazi zake zinamngoja karakanani. Alisimama pale akatazama upande mwingine, na safari hii hakumwambia akaze.